Nilimtibu Mdogo Wangu kwa Dawa ya Kiwele cha Mbuzi

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia sababu, maana watu wa huku kwetu wamenitafutia sababu nyingi mpaka nimezichoka. Eti nilikuwa na nia njema. Nia njema gani! Nilikuwa na kiburi, basi.

Mimi ni mwanamke wa Mgeta, huku juu Uluguru, kwenye baridi, kabichi na mbuzi wa maziwa. Jina langu silitaji. Ukilijua utasema "ah, kumbe ni yule mama wa watu", utaanza kunionea huruma, na huruma siitaki.

Huku mbuzi wa maziwa tunawafuga kwa kupokezana. Ukipewa mbuzi jike na kikundi, mtoto wake wa kwanza wa kike unampa mwenzako, na wa mwenzako anakwenda kwa mwingine. Katika kikundi chetu mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda mafunzo mjini Morogoro. Siku tano. Nilifundishwa kukata kwato, kupima joto na kutibu kiwele kilichovimba. Nikarudi na begi lenye sindano na kipimajoto, wakaanza kuniita Daktari.

Mwanzoni ilikuwa utani. Baadaye utani ukaisha, jina likabaki, nami nikawa naitika. Siku tano jamani! Mtu anayejifunza kushona tu anakaa mwaka mzima kabla hajaachiwa kitambaa cha mteja.

Sasa nisikilize kuhusu hii dawa ya kiwele. Ni tyubu ndogo ya plastiki yenye ncha nyembamba. Mbuzi akivimba kiwele, unaingiza ncha kwenye tundu la chuchu unaminya. Mwalimu wetu alisema: tyubu moja kwa chuchu moja, usiigawe kwa mbuzi wawili. Dozi ya siku tatu uimalize yote, hata kama uvimbe umekwisha. Na maziwa ya siku hizo, na siku kadhaa baada yake, unamwaga.

Niliyaandika hayo kwenye daftari. Ninalo mpaka leo, tena kwa mwandiko mzuri kabisa.

Lakini nani anamwaga maziwa huku? Nikaona mwalimu ni mtu wa mjini, hajui shida zetu. Nikaanza kugawa. Nusu tyubu kwa mbuzi wangu, ncha naifuta kwa khanga, nusu iliyobaki kwa mbuzi wa jirani. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo, kiwele kikilainika naacha. Inayobaki naifunika kwenye kopo la siagi juu ya kabati, hadi siku mwingine atakapovimba. Maziwa tukayakamua na kuyanywa kama kawaida.

Na sikuishia hapo. Nikawafundisha wanawake wengine watano wa kikundi. Nilisimama mbele yao kwenye benchi la kanisa nikawaonyesha jinsi ya kuminya nusu. Walinipigia makofi! Walisema huyu Daktari wetu anajua kubana matumizi.

Nilikuwa na mbuzi mmoja ninayempenda, mweupe, kichwa chake cha kijivu kama kitambaa cha mtawa, kwa hiyo nilimwita Sista. Sista alivimba kiwele mara ya kwanza, nikamtibu kwa mtindo wangu, akapona. Miezi miwili haikupita, akavimba tena. Mara ya tatu dawa ilimgomea kabisa. Maziwa yalitoka na madonge, na upande mmoja wa kiwele ukawa mgumu kama kiazi kibichi.

Hapo mtu mwenye akili angemwita bwana mifugo. Mimi nikaona aibu. Mbuzi wa Daktari anaumwa mara tatu, watasemaje? Nikanunua kapsuli za rangi mbili dukani, nikazifungua, unga wake nikauchanganya na dawa ya tyubu, nikamminyia. Haikusaidia kitu. Nikanyamaza, nikaendelea kumkamua kwa mikono hiihii, kisha naenda kukamua wengine.

Hapo ndipo alipokuja mdogo wangu.

Nimwite Koleta, ingawa si jina lake. Ndiye kitinda mimba kwetu. Mama alifariki Koleta akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi nikiwa darasa la sita. Nilikwenda naye shambani mgongoni, nilimtafunia ndizi. Alipokua akaolewa na kijana wa kiwandani mjini, mtu mpole, wakaishi upande wa Mzinga. Na kwa sisi Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo mimba ya kwanza alirudi kwetu kujifungua, nami nikasimama mahali pa mama.

Alijifungua salama pale zahanati, mtoto wa kike. Furaha yangu haielezeki. Nikamleta nyumbani kwangu akae arobaini, nampikia uji wa pilipili manga, namkanda maji ya moto, mtoto namwogesha mwenyewe.

Wiki ya tatu chuchu ya kushoto ikapasuka. Kesho yake titi likawa jekundu, la moto, linang'aa. Koleta akasema, "Dada, naomba niende zahanati nikamwonyeshe nesi."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Viwele vingapi vimepita mikononi mwangu? Titi la mtu mmoja ndilo linishinde?"

Akacheka! Mtoto wa watu anaumia, akacheka, akasema, "Haya, basi mimi ndiye Sista wa pili."

Nilikuwa nimetoka bandani muda huohuo kumkamua Sista. Mikono niliisuuza kwenye ndoo ileile ya kuoshea viwele. Nikapanda juu ya kigoda, nikatoa tyubu kwenye kopo la siagi, nusu yake niliyombakizia mbuzi. Nikaminya dawa kwenye ule ufa wa chuchu, nikausugua kwa kidole. Kesho yake nikamdunga sindano ya mifugo, kipimo nikakadiria kwa macho. Jamani, kwa macho! Hata shati la mtu hupimwa kwa futi.

Siku mbili titi likapoa. Homa ikashuka, akala ugali vizuri. Nilitembea kijijini kifua mbele, nawaambia watu kuwa manesi wanasumbua wazazi bure. Na kwa sababu limepoa, nikaacha dawa. Yaleyale niliyokuwa nawafanyia mbuzi ndiyo niliyomfanyia damu yangu.

Siku ya tano titi likarudi kwa hasira. Uvimbe ulipanda mpaka kwapani. Mtoto akilia kutaka kunyonya, Koleta anauma khanga.

Mumewe akapiga simu. Nikapokea mimi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba."

"Nasikia mwenzangu titi linamsumbua. Nije nimchukue nimlete hospitali huku?"

"Usije, shemeji. Utaacha kazi kwa ajili ya titi? Anaendelea vizuri. Mimi nipo."

"Haya, dada. Kama wewe upo, mimi sina wasiwasi."

Koleta alikuwa amelala kwenye mkeka mbele yangu, amesikia kila neno. Alinitazama tu. Kwetu mkubwa akishasema, mdogo hapingi, na mimi nilijua hatapinga, ndiyo maana nikasema vile mbele yake. Niliogopa wakifika hospitali itajulikana kuwa Daktari amechemsha. Nikachagua jina langu, nikamwacha mdogo wangu anaungua pale mkekani siku tatu nyingine.

Hilo ndilo ungamo langu. Mengine yote ni mikia yake.

Nesi wa zahanati alikuja mwenyewe mchana mmoja, kuna jirani alimdokeza. Alipofunua ile khanga alipiga kelele. "Nani amempaka hivi vitu? Amempaka nini?"

"Mafuta tu," nikasema.

"Mafuta! Huyu anashuka mjini sasa hivi, wewe mama, sasa hivi!"

Tuliteremka na gari lililobeba kabichi. Koleta alilazwa juu ya magunia, mtoto yupo mgongoni kwangu analia njaa njia nzima. Kila kona ya mlima nilikuwa namshika mguu Koleta asiporomoke. Alishaanza kuweweseka. Aliniita mama. Tangu azaliwe hakuwahi kuniita hivyo, na siku hiyo ndiyo niliyostahili kidogo kuliko siku zote.

Hospitali tulimkuta shemeji ameshafika. Daktari wa kweli, binti mdogo tu, akauliza, "Kabla ya kuja hapa, mgonjwa ametumia dawa gani?"

Shemeji akanigeukia. Koleta hakuwa na uwezo wa kujibu. Watu wawili wananisubiri, kalamu ipo tayari juu ya karatasi.

Nikasema, "Hajatumia kitu."

Yaani nikikumbuka hapo natamani kujizaba kofi! Ningepoteza nini? Ningegombezwa. Basi! Watu wanagombezwa kila siku na hawafi.

Kwa jibu langu lile wakamwanzishia dawa wanayowaanzishia wengi. Wakapasua jipu, wakachukua usaha kwenda kuuotesha maabara waone ni vijidudu gani na dawa ipi inaviweza. Siku ya kwanza homa ikabaki palepale. Siku ya pili ikapanda. Ngozi ya titi ikaanza kuwa nyeusi pembeni, na mimi nimekaa kwenye benchi la nje na mtoto, nimefumba mdomo.

Siku ya tatu yule daktari akaniita kwenye korido. Ameshika karatasi ya majibu.

"Mama, hivi vijidudu vinaitwa stafilokokasi," akasema. "Vinaishi kwenye ngozi na puani, kwa watu na kwa wanyama, na mara nyingi havimsumbui mtu. Vikipata ufa ndipo vinaleta jipu. Sasa tazama."

Akateremsha kalamu kwenye ile orodha. "Hii dawa, vimegoma. Hii, vimegoma. Hii tunayompa, vimegoma. Hii nayo. Mgonjwa wa umri huu aliyetoka kijijini moja kwa moja, nisingetegemea kuona hivi. Vijidudu hufika kiwango hiki vikionjeshwa dawa kidogo kidogo. Vilivyo dhaifu vinakufa, vikali vinabaki, vinazaana. Nani amevionjesha?"

Nikafungua fundo la khanga yangu, nikatoa ile tyubu, nikamwekea mkononi.

Ndiyo, nilikuwa nayo! Nilikuja nayo hospitali! Nilikuwa nawaza, hawa wakishindwa nitampaka kwa siri. Mdogo wangu anakufa na mimi bado najiona Daktari.

Aliisoma ile tyubu, kuna picha ya ng'ombe ubavuni. Akaigeuza, akaisoma tena. Nilingoja matusi. Akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia juzi, mama. Juzi ningechagua nyingine."

Nikamuuliza, "Vimetoka kwa mbuzi wangu?"

"Siwezi kukuapia. Sijapima mbuzi wako, wala mikono yako, wala pua yako. Vinaweza kutoka popote. Lakini popote vilipotoka, vilikuta mtu anavilisha nusu dozi."

Ilibaki dawa moja ambayo vilikuwa bado vinaiogopa. Ilipoingia, homa ikashuka. Lakini nyama ya titi ilishakufa, wakaikata. Mdogo wangu alitoka hospitali akiwa hai, bila titi la kushoto, na lile la kulia lilishakauka kwa homa. Mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo. Sisi tuliokwenda mafunzo ya maziwa, mtoto wetu ananyweshwa maziwa ya kopo.

Shemeji hakunitukana. Alinisimamisha pale getini, akasema, "Dada, mimi nilikuuliza." Akaondoka.

Niliporudi juu, mjomba wetu aliita kikao cha ukoo. Nilidhani nimeitwa kuhukumiwa, nikavaa vizuri, nikaenda. Kumbe wanatafuta mchawi! Walishampata tayari, mama mjane wa kule bondeni, eti alimwonea wivu Koleta kwa kupata mume wa mjini. Walitaka afukuzwe.

Nikasimama. Nikasema ni mimi. Nikaeleza tyubu, sindano, simu, uongo wa hospitali, vyote. Mjomba akaniambia, "Kaa chini mwanangu, umechanganyikiwa na majonzi."

Hasira niliyoipata siku hiyo sijawahi kuipata! Ukiwaambia uchawi wanakuamini bila hata shahidi. Ukiwaambia ni mkono wako mchafu na nusu dozi, wanakuletea maji ya kunywa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikawaambia atakayemgusa yule mjane apite kwangu kwanza. Wakamwacha. Hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa mwaka ule.

Bwana mifugo akaja, nikamwonyesha kila banda. Sista na wengine wawili walichinjwa, viwele vyao havikuwa na tiba tena. Nikapita kwa wale wanawake watano niliowafundisha, nyumba kwa nyumba, kuwaomba waache. Wawili wamenisikia. Wawili wanaitikia tu ili niondoke.

Na wa tano! Juzijuzi jirani yangu alikuja na mtoto mwenye jipu pajani. "Daktari, niminyie kidogo tu ile dawa yako." Nikamfokea, nikamwambia nenda zahanati, nitakubebea hata huyo mtoto. Akasema nimekuwa na roho mbaya, nataka dawa niwe nayo peke yangu. Akapandisha njia moja kwa moja kwa yule mwanafunzi wangu wa tano, nikamwona kwa macho yangu akitoka na kitu kwenye ncha ya khanga. Nilimkimbilia, nikamnyang'anya, tukagombana barabarani kama watoto. Mtoto nilimpeleka mwenyewe zahanati. Lakini nitamkimbilia nani na nani? Nilifundisha vizuri mno.

Ninyi mnaosoma hapa mkinilaani, laanini tu. Lakini nenda kafungue droo yako. Najua kuna vidonge vinne vya dozi uliyoacha ulipopata nafuu. Najua umemwekea mtoto, au mama mkwe, au kuku. Unajiona mtu wa akiba! Hata mimi nilijiona hivyo. Na siku nesi akikuuliza umetumia nini, sema, hata kama ni aibu, hata kama ni dawa yenye picha ya ng'ombe.

Koleta alikuja Pasaka hii. Ni mara ya kwanza tangu siku zile. Alikuja kwa mjomba, mimi nikapita kusalimia, nikakaa karibu na mlango kama mgeni. Gauni lake upande wa kushoto limekaa bapa. Mtoto ameshaanza kutembea, anapepesuka, ana sura ya mama yetu mtupu.

Yule mtoto hanijui, lakini akanifuata. Alikuja mbio, mikono juu, anataka nimbebe. Nikamwangalia Koleta. Hakumzuia. Nikanyoosha mikono.

"Nawa kwanza," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama unavyomwambia mtu yeyote. Mtoto akabaki amesimama mbele yangu, mikono yake bado ipo juu.

Nikainuka nikaenda kwenye ndoo. Nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikamwaga, nikanawa tena. Niliporudi, mtoto alishakwenda kwa mama yake.